Sura ya Tisa: Shingo ya Kisa cha Saba

Supu ilikuwa supu. Maabara ya polisi iliikalia siku nne, ikaichuja, ikaipitisha kwenye kila mashine iliyokuwa nayo, halafu ikatoa karatasi yenye mistari mitatu: kuku, karoti, chumvi. Inspekta aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za hospitali saa tatu asubuhi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alikuwa amepoteza siku nne akimwandama mwanamke ambaye kosa lake kubwa lilikuwa ulimi.

Mwanamke huyo alikuwa wifi wa mgonjwa. Aliyemshtaki alikuwa mdogo wa mgonjwa. Dada yangu ni fundi cherehani, mdogo mtu alieleza siku alipofika kituoni. Miezi mitano iliyopita aliingia hospitali kwa miguu yake, analalamika uchovu tu. Leo uso umekuwa duara, shingo imemezwa na mabega, ngozi ukiigusa inavilia damu, na kila Alhamisi wifi mtu anamletea supu. Madaktari walisema ni tezi. Zile tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zilikuwa zinamwaga homoni kupita kiasi, tena kwa mawimbi, mara juu mara chini, ugonjwa ambao daktari wa kawaida anastaafu bila kuuona. Mdogo mtu hakukubali. "Tezi gani hiyo inayongoja mtu alazwe ndiyo ianze?" aliuliza, na swali hilo, wala si supu, ndilo lililomfanya Inspekta afungue jalada.

Sasa supu ilikuwa imetoka kwenye orodha, na zilibaki saa tano. Saa nane mchana Fundi alikuwa apelekwe chumba cha upasuaji, atolewe tezi zote mbili. Zikishatoka hazirudi. Mtu huishi kwa vidonge mpaka kaburini, na akivikosa siku mbili tatu, kaburi linasogea.

Wifi alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, amejiandaa kwa vita.

"Mmeipima?"

"Tumeipima."

"Ikaonekana nini?"

"Chumvi imezidi kidogo."

Wifi alimtazama kutoka viatu mpaka kichwa, kisha akauliza chupa yake ya chai iliyochukuliwa pamoja na supu itarudi lini, maana ni ya seti na mfuniko wake haupatikani tena madukani. Inspekta alimwomba radhi. Aliomba vizuri, bila kujitetea, na huenda ndiyo sababu wifi alilegea na kuanza kusema mambo ambayo hakuwa ameulizwa. Alisema yeye anajua kwa nini yule mdogo mtu anamshuku. Kuna wiki supu haikai. Fundi anainywa, dakika kumi baadaye yote iko kwenye beseni, na mdogo mtu yupo pale anatazama. Wiki nyingine anamaliza chupa nzima na kuomba mkate.

"Wiki zipi haikai?"

"Zile ambazo mkubwa wao hayupo. Huyo Profesa. Akipanda ndege tu, huyu anatapika. Akirudi, anakula kama mbeba mizigo. Mimi nilidhani ni mapenzi," alisema wifi, na hakucheka.

Wodi ya Utafiti ilikuwa na vitanda sita na harufu moja. Chini ya kila kitanda lilikaa dumu la lita tano ambamo mgonjwa alikusanya mkojo wake wa kutwa na kucha, kwa kuwa homoni hupimwa humo pia. Madirisha yalifungwa. Inspekta alishawahi kufungua milango ya watu waliokufa wiki mbili na hakutapika, lakini hapa alipumua kwa mdomo. Kilichomchefua zaidi hakikuwa harufu. Juu ya vitanda hapakuwa na majina. Kitanda cha tatu kiliandikwa, kwa herufi kubwa za kalamu nyekundu, KISA CHA SABA.

Kisa cha Saba alikuwa ameketi kitandani, futi ya kupimia nguo shingoni kama mtu anayengoja mteja. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Uso ulikuwa umejaa mpaka macho yamebaki mistari, na mikono ilikuwa myembamba isivyolingana na kiwiliwili, imejaa madoa meusi ya damu iliyovilia. Inspekta alimwambia habari za supu. Fundi alisema alijua. Mtu anayetaka kukuua hagombani na muuza kuku kwa ajili yako.

Inspekta alimwuliza alianza kuvimba lini hasa. Faili la Profesa lilisema mgonjwa alipokelewa akiwa tayari amevimba uso na shingo.

"Amesema nani?" Fundi aliinua mto, akatoa daftari. "Mimi kazi yangu kupima watu. Mtu akiniambia nimenenepa kidogo simwelewi. Kidogo ngapi?"

Alikuwa amejipima kila Jumamosi, kwa tabia tu, kama wengine wanavyosali. Shingo, kifua, kiuno, nyonga, kila kimoja na tarehe yake. Siku ya kulazwa: shingo inchi kumi na tatu, kiuno ishirini na tisa. Hapakuwa na uvimbe wowote. Wiki ya nne, shingo kumi na nne na nusu. Kisha ikashuka robo tatu. Ikapanda hadi kumi na tano na nusu. Ikashuka. Ikapanda hadi kumi na sita. Ikashuka tena. Ikapanda hadi kumi na sita na robo. Mara tatu katika miezi mitano, kushuka kwa ghafla kwa wiki moja au mbili, halafu juu tena. Hayo ndiyo mawimbi. Inspekta alinakili tarehe tatu za kushuka kwenye kiganja chake, kwa kuwa daftari lake mwenyewe alilisahau kwenye gari.

"Unakunywa dawa gani?"

"Vitamini ya utafiti. Mbili asubuhi, moja jioni. Profesa ananipa kwa mkono wake, anasimama hapo mpaka nimeze, halafu ananiambia nifungue mdomo niinue ulimi. Mtu mzima kama mimi naambiwa niinue ulimi."

"Akisafiri?"

"Hakuna. Anaifungia dawa yake. Utafiti una utaratibu, anasema."

Fundi alifunua gauni ili aonyeshe tumbo, maana alidhani polisi naye amekuja kuona kile ambacho kila mgeni wa Profesa huletwa kuona. Michirizi mipana ya zambarau ilishuka kutoka mbavuni hadi nyonga, ngozi imepasuka kwa ndani. Katikati yake, kutoka kifuani mpaka karibu na kitovu, palikuwa na kovu la zamani, jeupe, limenyooka.

Hilo ni la bandama, Fundi alieleza. Aligongwa na pikipiki akiwa na miaka kumi na miwili, bandama ikapasuka, ikatolewa. Alimwambia Profesa wiki hii: bandama nilishatolewa, sasa mnachukua na tezi, mtanibakizia nini? Profesa alikuwa anasoma karatasi zake na hakuinua kichwa.

Sista wa wodi aliyapokea maswali akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mkono mmoja kwenye kitasa. Dawa za utafiti si zake, alisema. Hazipiti kwenye kabati la wodi. Ziko kwenye mtoto wa meza ya Profesa, na ufunguo anao Profesa. Inspekta hakubishana. Aliomba tu daftari la raundi, ambalo daktari mkubwa hulitia saini kila asubuhi anapopita vitandani, na asipokuwepo Sista huandika "safarini" kwa wino mwekundu.

Safari zilikuwa tatu. Siku tisa, siku saba, siku kumi na moja. Inspekta aliweka kiganja chake kando ya ukurasa. Kila shingo iliposhuka, Profesa alikuwa safarini. Kila alipotua, siku chache baadaye shingo ilianza kupanda.

"Ulijua," alisema Inspekta.

"Nilijua anaumwa asipokuwepo. Niliandika." Sista alifungua ukurasa wa safari ya tatu na kuweka kidole. Mwandiko wake: mgonjwa anatapika tangu jana, hawezi kusimama, presha imeshuka sana, naomba ruhusa ya kumtundikia maji. Chini yake, jibu la Profesa alilolitoa kwa simu: Asitundikiwe maji mpaka damu ya utafiti ichukuliwe saa mbili asubuhi.

"Ilikuwa saa ngapi ulipompigia?"

"Saa kumi alasiri."

"Na ukangoja?"

Inspekta aliona mkono wa Sista umeacha kitasa. Kwa muda wa saa kumi na sita mwanamke yule alilala na beseni kifuani ili mstari kwenye karatasi ya mtu ufike chini vizuri.

Maabara ya homoni ilikuwa chini, karibu na chumba cha maiti, na ilitawaliwa na mzee mmoja mfupi ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Barafu. Damu isiyoletwa ndani ya barafu aliirudisha, hata kama imeletwa na mkurugenzi. Inspekta alimkuta anamfokea mhudumu kwa ajili ya vipande viwili vya barafu vilivyoyeyuka, akangoja zamu yake.

Alimwuliza kama majibu ya Kisa cha Saba yangeweza kuwa ya uongo. Mzee Barafu alikasirika. Majibu yake ni ya kweli, homoni imejaa kwenye ile damu mpaka inamwagika.

"Imetoka kwenye tezi zake?"

"Mama, mimi napima kilichomo ndani ya nyumba. Sipimi kimeingilia mlango gani." Kisha akavua miwani. "Homoni ile inatengenezwa kiwandani pia. Ni dawa ya kawaida kabisa. Mtu akiimeza, kwenye mashine yangu inaonekana ileile."

"Sasa mtu anatofautishaje?"

"Kwa picha. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi inanenepa. Inayoletewa kila kitu mlangoni inakonda, inalala. Lakini Profesa anayo picha ya tezi zake. Zimenenepa. Ameitundika huko juu watu waione."

Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Picha ilitundikwa kwenye korido ya ghorofa ya tatu, nje ya ofisi ya Profesa, ndani ya bango refu kuliko mtu ambalo wiki ijayo lingepelekwa kwenye kongamano. Juu, kichwa cha habari kuhusu ugonjwa wa mawimbi. Katikati, mstari wa homoni ukipanda na kushuka. Chini, picha mbili. Kulia, tumbo la Fundi bila kichwa, michirizi yote imehesabiwa kwa namba ndogo nyeupe. Kushoto, picha ya ile mashine ya duara inayomkata mtu vipande bila kisu, nayo imejaa mishale. Profesa alipenda mishale. Hakuna kiungo alichokiacha bila jina.

Inspekta alisimama pale muda mrefu. Alipomaliza kusoma mishale yote alimpigia daktari mpasuaji, mwanamke aliyekuwa tayari amevaa nguo za kijani za kazi, akamwomba apande dakika tano tu. Kisha akabisha mlango wa Profesa.

Profesa alitoka akinukia manukato ya gharama. Alikuwa mtu wa heshima zote, sauti ya chini, kucha safi. Aliuliza kama supu imekiri. Inspekta alisema kesi ya supu imekwisha, ila kabla ya kuondoka angependa kuelewa huu ugonjwa, maana hajapata kuona kitu kama hiki. Hilo lilikuwa kweli. Profesa alitabasamu na kusogea kwenye bango.

"Hii nene ni nini?"

"Tezi ya kushoto. Ukubwa wake mara tatu ya kawaida."

"Na hili?"

"Ini."

"Na hii yenye mshale wa njano?"

"Bandama."

"Ya nani?"

"Ya Kisa cha Saba. Ya mgonjwa huyuhuyu."

"Una hakika?"

"Mama, nimekuwa nikisoma picha hizi tangu wewe uko shule."

Inspekta alihamisha kidole kwenda picha ya kulia. "Hapa michirizi umeihesabu. Kumi na saba. Hili kovu katikati yake hukuliandika."

"Kovu si habari ya tezi."

"Ni habari ya bandama. Alitolewa akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuambia wiki hii."

Profesa alitazama picha ya kushoto, akatazama ya kulia, na Inspekta aliona wazi kwamba ndiyo mara ya kwanza analiona lile kovu. Miezi mitano alikuwa amelipiga picha, amelikuza, amelichapisha na kulitundika ukutani, wala hakuwahi kuliona. Kisha akasema picha huchanganyika hospitalini, ni bahati mbaya, msaidizi atarekebisha.

"Picha hii ndiyo uliyoniletea mimi nikamkate?" daktari mpasuaji aliuliza nyuma yao. Hakungoja jibu. Alitoa simu, akaiambia timu yake ivue glovu, kisha akaagiza mgonjwa apelekwe kwenye mashine, sasa hivi, yeye mwenyewe atasimama hapo. Saa saba na dakika ishirini picha mpya ilikuwa mezani. Hapakuwa na bandama. Tezi mbili zilikuwa nyembamba, zimenywea, kama nyuzi zilizobaki chini ya cherehani.

Mtoto wa meza ulifunguliwa mbele ya mashahidi wawili. Ndani yake kulikuwa na kopo la vitamini. Mzee Barafu alipasua kidonge kimoja, akakikoroga kwenye maji, akakipitisha kwenye mashine yake, na mashine ikagoma kutoa namba kwa sababu namba zilikwisha.

Inspekta alimwuliza Profesa kwa nini. Alitegemea uongo. Aliambiwa ukweli, kwa sauti ileile ya chini, na ukweli ulinuka kuliko wodi.

"Mawimbi kama haya yameandikwa mara chache mno duniani. Mtu mwenye visa saba anasikilizwa."

"Na wa kwanza mpaka wa sita wako wapi?"

"Wanne tulishawatoa tezi. Wanaendelea vizuri na vidonge. Wawili walitoka kwenye utafiti."

"Walitoka vipi?"

Profesa alirekebisha mkono wa shati. Inspekta alimfunga pingu yeye mwenyewe, jambo ambalo kwa cheo chake hakulazimika kulifanya, kisha akaenda bafuni kunawa mikono. Akanawa tena.

Alipotoka, daktari mpasuaji alikuwa anamngoja na pakiti ndogo ya vidonge mkononi. Alimweleza kwa kifupi. Tezi za Fundi zimelala, zimesahau kazi. Dozi ya jioni ni saa kumi na moja. Akiikosa leo, keshokutwa kutarudi kule kutapika, na safari hii huenda asiamke. Lazima aendelee kumeza dawa ileile, ya duka la hospitali sasa, yenye jina lake, ikipunguzwa kidogo kidogo mpaka tezi ziamke. Mwaka mmoja. Pengine zaidi.

"Nani atamwambia?" daktari aliuliza.

Saa kumi na moja kasoro robo, mdogo mtu na wifi walikuwa kwenye benchi moja nje ya wodi, hawasemeshani, katikati yao chupa nyingine ya supu. Inspekta aliwapita, akaketi ukingoni mwa kitanda cha tatu na kueleza yote bila kupamba. Fundi alisikiliza akiizungusha futi kidoleni.

"Kwa hiyo mwizi mmemkamata," alisema mwishowe, "halafu mnaniambia niendelee kulala naye."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo. Safari hii jina lake limeandikwa kwenye pakiti. Na pakiti utakaa nayo wewe."

Fundi aliichukua pakiti, akaisoma mbele na nyuma, herufi kwa herufi. Alitoboa vidonge viwili vyeupe, akaviweka kiganjani. Hakumeza. Maneno yote mazuri yalishatumiwa kwenye wodi hii na mtu mwenye kucha safi.

"Meza wewe kwanza," Fundi alisema.

Inspekta aligeuka. Daktari mpasuaji, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali: kimoja hakimdhuru mtu. Inspekta alichukua kidonge kimoja kwenye kiganja cha Fundi, akakiweka mdomoni bila maji. Kilinata kwenye ulimi, kichungu, kikayeyuka polepole. Alimeza kwa nguvu. Kikashuka.

"Fungua mdomo," alisema Fundi.

Akafungua.

"Inua ulimi."

Inspekta akainua ulimi. Fundi aliinama karibu na uso wake, akachungulia kulia na kushoto bila haraka, kama anayekagua mshono, na aliporidhika kwamba hakuna kitu kilichofichwa humo, akachukua kidonge chake.